Kurekebisha Geji ya Mafuta na Tangi Linalovuja Katika Gari la Zamani

Geji ya mafuta isiyosema kweli na tangi linalonuka petroli ni hitilafu mbili ambazo wenye magari ya zamani huzishughulikia kwa nyakati tofauti, ilhali mara nyingi ni kazi moja. Sensa inayopeleka habari kwenye geji imefungwa kwenye tundu la tangi lenyewe, gasketi yake ni mojawapo ya mahali panapoanza kuvuja mapema, na kutu inayotoboa bati ndiyo hiyo hiyo inayokwamisha boya na kukata athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Ukishalazimika kulishusha tangi, basi maliza yote kwa pamoja. Lakini usilishushe kabla ya kupima, kwa kuwa kuna geji nyingi zinazodhaniwa kufa ambazo hufufuka kwa kusafishwa waya mmoja tu wa athi, bila hata tone la mafuta kumwagwa.

Maelezo haya yanahusu geji za umeme. Ford Model A, iliyotengenezwa kati ya 1927 na 1931, ina tangi mbele ya kioo cha dereva na boya linalozungusha namba za geji moja kwa moja, na Volkswagen Beetle za miaka ya 1950 zilimtegemea dereva kufungua koki ya akiba mafuta yanapokata. Mwenye gari la namna hiyo aruke sehemu ya umeme na aende kwenye sehemu ya tangi, ambayo ni ile ile kwa wote.

Kuhusu moto

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna siku wala saa ambayo kazi hii ni salama kwa sababu ya hali ya hewa. Mvuke huo ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Hauruki juu ukapotea, bali hutambaa sakafuni, hujaa kwenye shimo la ukaguzi, na huweza kusafiri hadi kwenye jiko au swichi iliyo mbali na gari. Unawaka pale unapochanganyika na hewa kwa kiasi cha takriban asilimia 1.4 hadi 7.6. Ukizitafakari namba hizi utaelewa jambo ambalo wengi hulichukulia kinyume, yaani kwamba tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa. Ndani ya tangi lililojaa mvuke umesongamana kupita kiasi cha kuwaka, lakini tangi lililomwagwa jana na kuachwa wazi lina mchanganyiko ulio tayari kabisa kulipuka.

Kwa sababu hiyo fanya kazi nje, penye upepo. Ukishamaliza vipimo vya umeme vilivyoelezwa hapa chini, na kabla ya kufungua tangi, ondoa betri kwa kuanza na nguzo iliyofungwa kwenye bodi ya gari, iwe hasi au chanya, weka kizimamoto cha poda mahali ambapo mkono unakifikia, na usitumie taa ya balbu inayoweza kupasuka. Kamwe usinyonye mafuta kwa mdomo. Petroli ikiingia mapafuni huua. Tumia pampu ya mkono, na mafuta yaingie kwenye chombo cha chuma kilichounganishwa na bodi ya gari kwa waya, ili umeme tuli usipate nafasi ya kuruka. Petroli inayotoka itazame vizuri, maana maji yanayotulia chini yake na uchafu mwekundu unaoandamana nayo hukuambia hali ya ndani ya tangi kabla hujaifikia.

Kupima kabla ya kufungua

Sensa ya tangi ni kifaa rahisi. Boya linaelea juu ya mafuta, mkono wake unasogeza kidole cha chuma juu ya waya mwembamba wa nikeli na kromi uliozungushiwa kibao, na urefu wa waya unaobaki kwenye njia ya umeme ndio unaoamua ukinzani. Umeme hutoka kwenye geji, hupita kwenye waya huo, kisha hurudi kwenye betri kupitia bati la tangi na bodi ya gari. Ukiifuata njia hii hatua kwa hatua utaona kwamba tangi lenyewe ni sehemu ya saketi. Tangi lililopakwa rangi nzito, likalazwa juu ya vipande vya mpira na kufungwa kwa mikanda yenye kutu, halina athi ya kutegemewa, na geji itapotoka ingawa sensa ni nzima.

Anza hapo. Funguo ikiwa imezimwa, weka ncha moja ya mita ya kupimia ukinzani kwenye ukingo wa sensa na nyingine kwenye chuma kilichokwanguliwa cha bodi. Ukinzani ukizidi nusu omu, kuna kazi ya kufanya. Unganisha kwa muda waya wa ziada kati ya ukingo wa sensa na bodi, kisha ndipo uwashe funguo na kuitazama geji. Mpangilio huu wa kufunga kila kitu kwanza na kuwasha umeme mwisho uufuate katika kila kipimo, kwa sababu unaiweka cheche kwenye swichi iliyo mbele, mbali na tangi. Sindano ikirudi mahali pake, weka waya wa kudumu wa athi, wenye kichwa kilichobanwa vizuri na kukwanguliwa rangi chini yake, na kazi ya geji imekwisha.

Isiporudi, ipime geji peke yake. Vua waya wa sensa, kisha kati ya waya huo na bodi weka kizuizi cha ukinzani unaoujua. Hapa ndipo lazima ufahamu gari lako lina mfumo gani, kwa sababu watengenezaji hawakukubaliana hata juu ya upande gani ni tupu. Geji za Smiths za metali mbili, zilizoenea kwenye magari ya Uingereza, huonyesha tupu kwenye omu 240 hivi, nusu karibu na 70, na kujaa karibu na 20. Magari mengi ya General Motors tangu katikati ya miaka ya 1960 yanakwenda kinyume, 0 ikiwa tupu na 90 ikiwa imejaa. VDO ya Ujerumani huanzia 10 kwa tupu hadi 180 kwa kujaa, na Ford za Marekani za zamani hushuka kutoka omu 73 hadi 10 kadiri tangi linavyojaa. Kitabu cha gari lako kikitaja namba nyingine, kifuate chenyewe, na unaponunua sensa mpya linganisha namba hizi kwanza kabla ya kulinganisha umbo, kwa kuwa sensa inayoingia barabara kwenye tundu lakini ikiwa na ukinzani wa mfumo mwingine haitakupa ukweli hata siku moja.

Geji ya metali mbili haina haraka. Ndani yake kuna ukanda unaopinda kwa joto la koili ndogo, na sindano huchukua karibu dakika nzima kufika mahali pake. Hilo si hitilafu, ni maumbile yake, na faida yake ni kwamba haichezicheze gari linapokata kona. Usiiunganishe moja kwa moja na athi na kuiacha hivyo ili kuona kama itafika mwisho, maana koili inaweza kuungua. Geji hizi pia hutegemea kidhibiti kinachoshusha umeme wa gari hadi wastani wa volti 10. Geji ya mafuta na ya joto la injini zikipotoka kwa pamoja, zote zikisoma juu au zote chini, kitazame kidhibiti hicho kwanza pamoja na athi yake, wala tangi usiliguse. Cha asili hukatakata umeme kwa kuuwasha na kuuzima, kwa hiyo mita ya namba itaruka ovyo ukikipima. Kipande cha elektroniki cha 7810, ambacho hutoa volti 10 zilizotulia, kinaweza kufichwa ndani ya kopo lake la zamani bila sura ya kifaa kubadilika.

Kuitoa na kuitengeneza sensa

Geji ikiitikia vizuizi sawasawa, basi kosa liko kwenye sensa. Mwaga mafuta yawe chini ya kiwango cha tundu lake, jambo ambalo ni la lazima pale sensa inapokaa ubavuni mwa tangi. Safisha mchanga na matope yote kuzunguka ukingo kabla ya kulegeza chochote, kwa kuwa kila chembe unayoiacha pale itaangukia ndani. Sensa nyingi zimefungwa kwa skrubu tano au sita. Chunguza nafasi kati yake, maana mara nyingi zimepangwa bila usawa makusudi ili sensa ikae kwa namna moja tu. Nyingine zina pete ya kufungia yenye meno, ambayo huzungushwa kinyume cha saa kwa kugongwa taratibu. Tumia kipande cha shaba au mti mgumu, kamwe si patasi ya chuma, kwa sababu chuma kikigonga chuma hutoa cheche. Unapoivuta sensa, ipindishe ili boya lipite bila mkono kukunjika, na kwanza uipige picha ikiwa bado mahali pake ili ukumbuke upande ambao mkono ulielekea.

Ipeleke mezani, mbali na tangi, na uiache ikauke kabisa. Unganisha mita, usogeze mkono polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na uangalie ukinzani unavyopanda. Mita ya sindano inafaa kuliko ya namba kwa kazi hii, kwa kuwa kila mkato huonekana kama mshtuko wa sindano, ilhali mita ya namba huweza kuupitia bila kuuonyesha. Mkato unaotokea mahali pamoja tu, hasa kati ya robo na nusu, ni uchakavu: hapo ndipo mafuta ya magari mengi hukaa muda mrefu zaidi, na kidole kimeula waya huo kwa miaka. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mfereji unaong'aa uliochongwa juu ya mizunguko ya waya. Dawa yake nzuri si kubadilisha kibao, bali ni kukipinda kidole kidogo sana kwa ubavu, kiasi cha milimita moja, ili kitembee kwenye sehemu ya waya ambayo haijaguswa.

Mkato usio na mahali maalumu husababishwa na uchafu. Osha kwa dawa ya kusafishia miguso ya umeme, na ikibidi pitisha karatasi ya msasa laini wa namba 1000 au zaidi kwa mkono mwepesi, ukifuata mwelekeo wa waya. Waya uliokatika kabisa kwenye ncha yake hauungiki kwa risasi ya kawaida ya kulehemu, kwa sababu risasi haishiki kwenye nikeli na kromi. Ubane kwa kijipande cha shaba kilichokunjwa. Rangi ya fedha inayopitisha umeme husaidia kwa muda, lakini petroli huibandua, nami siishauri ndani ya tangi. Usisahau ekseli ndogo ya mkono: umeme hupita hapo pia, na sensa nyingi zinazosemekana kuchakaa zina kutu tu mahali hapo. Waya mfupi laini unaounganisha mkono na bodi ya sensa, uliowekwa bila kuuzuia mkono kucheza, huondoa tatizo hilo moja kwa moja.

Boya lipime kwa sikio kwanza. Litikise, ukisikia mafuta ndani, limetoboka. Boya la shaba lizamishe kwenye maji ya moto, na hewa iliyo ndani itapanuka na kutoa mstari wa mapovu membamba kwenye tundu lenyewe, hata lile lisiloonekana kwa macho. Kabla ya kulilehemu, mafuta yaliyo ndani lazima yatoke yote na mvuke wake uishe. Kuna hila ndogo hapa: hewa inayopashwa joto hurudi kuisukuma risasi nje ikiwa bado imeyeyuka, kwa hiyo lehemu boya likiwa limelala kwenye maji baridi, tundu pekee likiwa juu ya maji, kwa mguso mmoja mfupi. Weka risasi kidogo, maana kila gramu inalizamisha boya zaidi. Maboya ya gome jepesi linalotengenezewa vizibo, yaliyopakwa vanishi ya shelaki, yana adui mpya: ethanoli iliyomo kwenye petroli ya sasa huyeyusha shelaki, gome hunyonya mafuta, na geji husoma chini. Hayo yabadilishwe kwa boya la plastiki linalostahimili mafuta.

Kutafuta mahali panapovuja

Usidhani kwamba doa lililo chini ya gari ndipo tangi linapovuja, kwa kuwa petroli hutembea juu ya bati hadi mahali pa chini kabisa ndipo idondoke. Osha tangi, likaushe, kisha paka unga wa chaki kwenye mishono, kuzunguka sensa, kwenye kifuniko cha kumwagia na kwenye viungo vya mabomba. Saa chache baadaye chaki italowa kwanza pale penye kosa. Angalia pia mipira ya kuunganisha mdomo wa kujazia, ambayo hupasuka kwa ndani na kuvuja tangi linapojazwa tu, pamoja na tundu la kupumulia. Tundu hilo likiziba, pampu huvuta utupu ndani ya tangi hadi injini ikose mafuta. Na gari linapoachwa juani, mvuke usio na pa kutokea huyasukuma mafuta kupitia mishono ambayo ingestahimili kwa kawaida.

Tangi lililoshushwa na kusafishwa mvuke hupimwa kwa hewa na maji ya sabuni, lakini kwa shinikizo dogo sana. Ziba matundu yote, kisha kwenye tundu moja unganisha mpira mwangavu uliopindwa na kutiwa maji, na pulizia kwa pampu ya mkono hadi upande mmoja wa maji uwe juu ya mwingine kwa sentimita 50. Ubavu wa tangi wenye sentimita 40 kwa 80 tayari unabeba hapo msukumo sawa na uzito wa kilo 160. Ukitumia kikompresa cha magurudumu kwa baa 2, ubavu huo huo utasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya tani 6, na tangi litavimba au kupasuka mishono. Mpira wa maji una faida nyingine, kwamba ukizidisha hewa maji yatarushwa nje na shinikizo litashuka lenyewe.

Kuziba

Matangi mengi ya zamani ni ya bati la chuma lililopakwa mchanganyiko wa risasi na stani, na bati hilo hupokea risasi ya kulehemu vizuri sana. Tundu dogo kwenye mshono au juu ya bati imara hutengenezwa kwa kukwangua hadi chuma king'ae, kupaka dawa ya kulehemia, na kutandaza risasi, au kubandika kiraka cha shaba nyembamba kilichopakwa risasi pande zote mbili. Chuma cha kulehemia cha umeme pia kina joto linalotosha kuuwasha mvuke, kwa hiyo kutokuwepo kwa moto wa wazi hakukulindi. Tangi lioshwe mara kadhaa kwa maji ya moto na sabuni kali, liachwe wazi, kisha lijazwe maji hadi chini kidogo ya mahali pa kazi ili nafasi ya mvuke isiwepo. Kuchomelea kwa gesi au kwa umeme ni kazi ya mafundi wenye vifaa vya kupiga mvuke wa maji na kujaza gesi isiyowaka. Watu wamekufa kwa kuchomelea matangi waliyoamini ni safi, na hakuna gari linalostahili bei hiyo.

Kabla ya kuziba, chokonoa bati kuzunguka tundu kwa msumari. Likipenya, tundu unaloliona ni mwanzo tu, na kinachotakiwa ni kukata kipande kizima au kupata tangi jingine. Sehemu ya kuchunguza kwa makini zaidi ni ile iliyo chini ya mikanda, kwa sababu kitambaa kizito kilichowekwa hapo hushika maji ya barabarani na kuyalaza juu ya bati miaka nenda miaka rudi. Kutu ya ndani iondoe kwa kutia mnyororo mfupi au nati kadhaa na kulitikisa tangi, ukihesabu ulizotia na ulizotoa, kisha kwa asidi ya sitriki ya gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji, kwa siku moja hivi. Suuza kwa maji yenye bikaboneti ya sodiamu, na ukaushe papo hapo kwa hewa ya vuguvugu, kwa sababu chuma kilichovuliwa kutu huanza kushika kutu mpya ndani ya saa chache.

Rangi za epoksi za kumimina ndani ya tangi ninaziona kama njia ya mwisho. Juu ya chuma kisafi zinafanya kazi kwa miaka, lakini juu ya kutu au mafuta hubanduka kama maganda na kuziba chujio na kabureta, na kuziondoa ni kazi ngumu kuliko tangi lenyewe. Ukiamua kuzitumia, chagua ile inayoelezwa wazi kustahimili ethanoli, ziba tundu la sensa ili rangi isijikusanye kwenye meno yake, na pulizia hewa kwenye bomba la kutolea mafuta wakati rangi bado ni mbichi.

Kurudisha

Gasketi iwe ya mpira wa nitrili au wa Viton. Silikoni ya kawaida huvimba na kulegea kwenye petroli, na vipande vyake huishia kwenye chujio. Skrubu zinazopita hadi ndani ya tangi zinahitaji washa za kuzuia mafuta kila moja, maana mafuta hupanda kwenye nyuzi za skrubu. Hili husahauliwa na watu waliobadilisha gasketi mara mbili bila kujua kwa nini bado panalowa. Mipira yote ya mafuta ibadilishwe kwa ile inayostahimili ethanoli, na chini ya mikanda weka vipande vya mpira badala ya kitambaa, ukikumbuka kwamba mpira huo unakata athi na waya wako wa athi lazima uwepo.

Kabla ya kufunga sensa, iunganishe nje ya tangi, likiwa bado kavu na tupu, na usogeze mkono ukitazama geji. Kama haikubaliani, pinda mkono wa boya kidogo kidogo. Haiwezekani kila mara ncha zote mbili ziwe sahihi, na pale unapolazimika kuchagua, chagua tupu iwe ya kweli, kwa kuwa anayekosea juu ya tangi lililojaa hapotezi kitu. Baada ya kufunga, tia lita tano tano, subiri sindano itulie kila mara, na uandike inaposimama. Karatasi hiyo iweke ndani ya gari. Mwishowe jaza hadi juu ya kiwango cha sensa, liache tangi usiku kucha, na asubuhi uzikaze skrubu tena robo ya mzunguko kwa kupishana, si kwa kufuatana, kwa kuwa gasketi mpya hujikandamiza na ukingo unaokazwa upande mmoja hupinda kisha ukavuja upande wa pili.